Vidole Vikikaza, Uliza na Koo: Kuitambua Skleroderma na Inavyoharibu Njia ya Chakula

Mtu mwenye skleroderma kule Tabora au Kigoma kwa kawaida hupita milango miwili kabla ugonjwa wake haujapata jina. Mlango wa kwanza ni wa vidole. Vinavimba asubuhi, vinakaza, pete haitoki, na jibu analopewa ni baridi yabisi pamoja na sindano ya diklofenaki. Mlango wa pili ni wa kiungulia. Chakula kinakwama kifuani, usiku maji machungu yanapanda kooni, na jibu ni vidonda vya tumbo pamoja na dozi ya kuua bakteria wa tumboni, kisha dozi ya pili, kisha ya tatu. Milango yote miwili inaweza kuwa katika hospitali moja, na daftari mbili za mtu mmoja zikakaa miaka bila kusomwa pamoja. Nia yangu hapa ni kuonyesha jinsi ya kuzisoma pamoja, kwa vitu vilivyopo hata kwenye kituo cha afya.

Skleroderma ni ugonjwa wa kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe. Mambo matatu huenda sambamba: kuta za mishipa midogo ya damu huumia na kuziba, kinga hutengeneza kingamwili dhidi ya sehemu za chembe za mwili, na seli zinazotengeneza kolajeni, nyuzi zinazoimarisha ngozi, huzidisha kazi hadi nyama laini inageuka kovu. Ipo aina inayokakamaza kipande cha ngozi peke yake, bila kugusa viungo vya ndani, hiyo siizungumzii. Ninayoizungumzia ni ya mwili mzima. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, mara nyingi kuanzia umri wa miaka 30 hadi 50. Haiambukizi. Wala si kurogwa, na nalisema hili waziwazi kwa sababu vidole vinavyopinda na uso unaobadilika huwapeleka wengi kwa mganga wa kienyeji kwanza, ilhali miaka ya mwanzo ndiyo ambayo mapafu na figo huharibika kwa kasi.

Mikono kwanza

Anza na rangi ya vidole kwenye baridi. Hali hii inaitwa Raynaud, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1862, na zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 wa skleroderma wanayo. Vitabu vinasema kidole huwa cheupe, kisha bluu, kisha chekundu. Kwenye ngozi nyeusi mfuatano huo mara nyingi hauonekani mgongoni mwa kidole, na tabibu anayeusubiri ataikosa hali yenyewe. Tazama upande wa kiganja, ncha ya kidole na nyama iliyo chini ya kucha. Hata hapo maneno ya mgonjwa ni bora kuliko macho yako. Muulize: asubuhi ukiosha vyombo kwa maji ya mtungi, vidole vinafanyaje? Ukishika soda ya baridi? Anayeishi Manyovu au milima ya Buhigwe atakuwa na la kusema mwaka mzima. Wa Tabora mjini atakumbuka asubuhi za Juni na Julai. Ganzi, vidole kufa na maumivu makali vinaporudi joto ndiyo maelezo unayoyatafuta, hasa kama mpaka wa eneo lililofifia ni mkali, kana kwamba umechorwa.

Hali ya Raynaud peke yake ni ya kawaida na wengi wanayo bila ugonjwa wowote. Inatia shaka inapoanza baada ya miaka 30, inapoacha vidonda kwenye ncha za vidole, au inapofuatana na vidole vilivyovimba kutwa nzima. Vidole hivyo huwa vinene, vya mviringo, mikunjo ya juu ya vifundo imefifia. Hapa ndipo baridi yabisi huandikwa kwa haraka. Tofauti ni kwamba kwenye baridi yabisi kilichovimba ni kifundo, na ukikibonyeza kinauma. Kwenye skleroderma kilichovimba ni kidole chote, na katikati ya vifundo ngozi haishikiki.

Kushikika ndiyo kipimo. Jaribu kuikunja ngozi ya mgongo wa kidole kati ya kidole gumba na cha shahada, katikati ya kifundo na kifundo. Ngozi ya kawaida inatoa mkunjo mwembamba. Ikitoa mkunjo mnene, hiyo ni 1; ikikunjika kwa shida, 2; isipokunjika kabisa na ikiwa imegandana na mfupa, 3. Madaktari hurudia hivyo sehemu 17 za mwili: uso, kifua, tumbo, na kila upande vidole, mgongo wa kiganja, kigasha, mkono wa juu, paja, mguu wa chini na unyayo. Jumla ya juu ni 51. Andika namba na tarehe, maana namba inayopanda ndani ya miezi sita inaeleza kuliko neno "imezidi". Ngozi iliyokakamaa chini ya viwiko na magoti, pamoja na uso, ni aina yenye mipaka, ambayo huenda polepole na Raynaud yake inaweza kutangulia kwa miaka mingi. Ikipanda juu ya viwiko, mapajani au kifuani, hiyo ni aina iliyosambaa, nayo huharakisha.

Mwambie aunganishe viganja viwili kama anayeomba. Visipogusana bapa, vidole vimeanza kupinda. Geuza ncha za vidole kwenye mwanga utafute vishimo vidogo vya kovu, kama vilivyochomwa na sindano nene. Mishipa midogo myekundu iliyotanuka haionekani vizuri kwenye mashavu meusi. Itafute kwenye midomo, ulimi na viganja. Halafu kuna dalili ambayo kwetu ni ya thamani kubwa: mabaka yaliyopoteza rangi huku vitone vyeusi vikibaki kuzunguka matundu ya nywele, hasa kifuani, shingoni, kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Mtu aliyezoea kuona ngozi nyeupe tu hafundishwi kuyatafuta. Kwetu yanaonekana hatua tatu kutoka mlangoni.

Mwisho wa mkono ni ukucha. Weka tone la jeli ya altrasaundi kwenye ngozi iliyopakana na mzizi wa kucha, uitazame kwa kifaa cha kuchunguzia macho kilichowekwa kwenye lenzi ya juu kabisa ya plasi, au kwa dematoskopu, kifaa cha kukuzia ngozi. Kidole cha pete huonyesha vizuri zaidi, gumba liache. Mishipa ya kawaida husimama kwa safu kama vibanio vya nywele, vilivyonyooka, saba au zaidi kwa milimita moja. Kwenye skleroderma utaona mishipa iliyofura, vidoa vya damu, na sehemu tupu ambako mishipa imekufa. Kwenye ngozi nyeusi sana hutaona kila kitu, lakini iliyofura hujitokeza.

Alama 9, na kiungo kilichosahauliwa

Mwaka 2013 vyama vya wataalamu wa magonjwa ya viungo vya Marekani na Ulaya vilitoa vigezo vya pamoja. Mtu akifikisha alama 9 anahesabiwa kuwa na skleroderma. Ngozi iliyokakamaa kwenye vidole vya mikono yote miwili na kupita vifundo vinavyounganisha vidole na kiganja ni 9 peke yake, hesabu imeisha. Kama haijapita hapo, unajumlisha. Vidole vilivyovimba ni 2; vilivyokakamaa ni 4, na unachukua ile kubwa tu. Vidonda vya ncha ni 2, vishimo vya kovu ni 3, nako unachukua kubwa. Mishipa iliyotanuka 2, mishipa ya ukucha yenye kasoro 2, mapafu kuwa na kovu au presha ya mishipa ya mapafu 2, Raynaud 3, kingamwili mahususi 3.

Piga hesabu ya mama mwenye Raynaud, vidole vilivyokakamaa na vishimo kwenye ncha: 3 na 4 na 3 ni 10. Hajatolewa hata tone la damu. Vigezo hivi vilitungwa kwa ajili ya tafiti, na mtu mwenye alama 7 anaweza kuwa mgonjwa kweli, wa mapema. Lakini kwa tabibu aliye Uvinza au Sikonge, hesabu hii inatosha kuandika jina la ugonjwa kwenye barua ya rufaa badala ya "maumivu ya viungo".

Sasa angalia kilichokosekana kwenye orodha. Njia ya chakula ndiyo sehemu ya ndani inayoguswa kuliko zote, takriban wagonjwa 9 kati ya 10, nayo haina hata alama moja, kwa kuwa kiungulia kina sababu nyingi mno kiasi kwamba hakimtofautishi mgonjwa huyu na wengine. Kitakwimu ni sawa. Kliniki, matokeo yake ni mabaya: jambo lisilo na alama haliulizwi. Mgonjwa anayekuja kwa vidole hataji koo kwa sababu haoni uhusiano, na anayekuja kwa koo anaweka mikono mapajani.

Maabara na mafaili yanayofanana

Kipimo cha ANA, kinachotafuta kingamwili dhidi ya kiini cha chembe za mwili, huwa chanya kwa zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100, kwa hiyo kikiwa hasi fikiria tena. Lakini kikiwa chanya peke yake hakisemi kitu: watu wazima wenye afya, wenye kifua kikuu na wenye maambukizi ya muda mrefu wanaweza kuwa nacho. Omba kifanywe kwa njia ya mwanga wa fluoresensi ikiwezekana, kwa sababu muonekano wake unaongoza, na mashine nyingine hukosa baadhi ya kingamwili za ugonjwa huu. Kingamwili mahususi ni tatu. Ya sentromea huendana na aina yenye mipaka. Anti-topoisomerasi 1, inayoandikwa Scl-70 kwenye fomu, huendana na kovu la mapafu. Anti-RNA polimerasi 3 huendana na ngozi inayokaza haraka, hatari ya figo, na damu kuvuja tumboni. Mara nyingi sampuli husafirishwa nje ya mkoa. Usizuie rufaa kwa kusubiri majibu.

Kuna magonjwa matatu ya kutenganisha hapa kwetu. Ukoma pia huleta mabaka yaliyofifia na vidole vinavyofupika. Gusa baka kwa uzi wa pamba mgonjwa akiwa amefumba macho: kwenye ukoma hisi imepotea na mishipa ya fahamu kwenye kiwiko imenenepa, kwenye skleroderma anausikia uzi. La pili ni kifua kikuu. Mtu aliyekonda, anayekohoa kikavu na kuishiwa pumzi, ataanzishiwa dawa hata makohozi yakiwa hasi. Sikiliza chini ya mapafu mgongoni. Mlio mkavu wa mwishoni mwa pumzi, pande zote mbili, ukiambatana na vidole vilivyokaza, ni sababu ya kuomba siti-skani ya kifua kabla ya kurudia dozi ya miezi sita. La tatu ni kisukari cha muda mrefu, ambacho hukaza vidole bila Raynaud, pima sukari.

Halafu kuna wanaume wa Nzega. Vumbi la mwamba lenye silika ni moja ya visababishi vya kimazingira vilivyothibitika. Uhusiano huo ulionekana kwa waashi wa mawe wa Uskoti mwaka 1914 na kwa wachimbaji dhahabu wa Afrika Kusini mwaka 1957. Kijana anayesaga mawe kwenye karasha bila kujifunika pua, akija na vidole vya baridi na kifua, ana haki ya kuulizwa maswali yote yaliyotangulia, ingawa ni mwanaume.

Kabla sijashuka tumboni, onyo moja ambalo silipunguzi makali. Prednisoloni ya zaidi ya miligramu 15 kwa siku inaweza kuchochea figo kufeli ghafla kwa mgonjwa wa skleroderma, hasa wa aina iliyosambaa katika miaka minne au mitano ya mwanzo. Dawa hiyo hununuliwa dukani kwa ajili ya "viungo". Dalili ya hatari ni presha kupanda ghafla, kichwa kuuma, macho kuona ukungu. Mgonjwa wa aina hii apimwe presha kila wiki, na ajue ya kwake ya kawaida. Aliyezoea namba ya juu ya 110 akifika 145 asiambiwe ni wasiwasi. Kaptoprili, dawa ya presha, ikianza mapema huokoa maisha, na kabla ya dawa za jamii hiyo hali hii iliua karibu kila aliyeipata.

Kinywa na umio

Mdomo hupungua. Pima nafasi kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini akiwa ameachama: wengi wetu tunafika milimita 40 au zaidi. Ikishuka chini ya 30, kula embe, kupiga mswaki na hata kuingiziwa kifaa cha kamera kunakuwa kazi. Mazoezi ni rahisi: vijiti bapa vya kukandamizia ulimi hupangwa kati ya magego, kimoja kikiongezwa kila baada ya siku kadhaa, dakika chache asubuhi na jioni. Mate yakipungua meno huoza, kwa hiyo dawa ya meno yenye floraidi si hiari.

Umio, bomba la chakula kutoka kooni hadi tumboni, ndiyo kitovu cha jambo lote. Theluthi yake ya juu ina msuli wa aina inayotii mapenzi yetu, na skleroderma haiugusi sana. Theluthi mbili za chini ni msuli laini, na hapo ndipo mishipa ya damu hufa, mishipa ya fahamu huzimika, msuli hunyauka na kovu huchukua nafasi. Kwa hiyo mgonjwa anaanza kumeza vizuri. Tonge linasimama nyuma ya mfupa wa kifua. Akikuambia linakwama kooni kabisa, na maji yanatokea puani, tafuta ugonjwa wa misuli ulioambatana. Wakati huohuo valvu ya chini hulegea, na asidi inapanda kwenye bomba lisiloweza kuisukuma irudi. Asidi hiyo ya usiku, ikimwagikia mapafuni, huongeza madhara kwenye mapafu ambayo tayari yana kovu. Ndiyo maana kiungulia hapa si cha kupuuza hata kidogo.

Wengi wenye umio uliokufa hawana dalili yoyote, maana wanakula wameketi na chakula kinashuka kwa uzito wake. Ujue hili unapoomba eksirei ya kumeza bariamu. Ikipigwa mgonjwa akiwa amesimama, dawa inateremka na jibu linarudi "kawaida". Andika kwenye fomu: apigwe pia akiwa amelala. Utaona dawa imesimama ndani ya umio mpana, na valvu iko wazi. Kipimo bora kuliko vyote ni manometri, inayopima mgandamizo ndani ya umio, lakini haipatikani kirahisi hata kwenye hospitali kubwa, na matibabu hayahitaji kuisubiri. Endoskopi, yaani kuingiza kamera kupitia mdomoni, ina kazi nyingine: kuona majeraha ya asidi, sehemu iliyobanana, mabadiliko ya utando yanayoweza kuelekea saratani, na utando mweupe wa fangasi. Fangasi mara nyingi ndiyo sababu ya kumeza kuuma badala ya kukwama, na hutibika kwa flukonazoli.

Kabla ya kusafiri kutoka Kigoma kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa endoskopi, mambo mawili yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye barua: mdomo haufunguki vizuri, na tumbo halimwagi haraka. Saa sita za kukaa na njaa hazimtoshi mtu huyu. Siku moja kabla ale vya maji tu, la sivyo chakula cha jana kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa amepewa dawa ya usingizi.

Matibabu huanza na omeprazoli miligramu 20, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Ikimezwa baada ya kula, nguvu yake kubwa imepotea, na hili peke yake linaeleza wengi wanaosema dawa haikunisaidia. Usiku ukiwa bado mbaya, huongezwa ya pili kabla ya chakula cha jioni. Tofauti na vidonda vya tumbo, haikomi baada ya wiki mbili. Ni ya miaka. Bakteria wa tumbo apimwe kwa kinyesi au endoskopi na atibiwe mara moja akipatikana. Kurudia dozi yake kwa sababu kiungulia kimerudi ni kutibu kitu kisichokuwepo.

Kitanda kiinuliwe upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20, kwa matofali chini ya miguu ya kitanda. Mito haifai, kwa sababu inakunja kiuno na kuongeza mgandamizo tumboni. Chakula cha mwisho kiwe saa tatu kabla ya kulala. Ugali wa muhogo ulio mkavu ndio unaokwama kuliko vyote. Usongwe laini, tonge dogo, na mlenda, ambao Wanyamwezi hawahitaji kufundishwa na mtu kuupika. Mgebuka uliochemshwa na kutolewa miiba unafaa; dagaa waliokaushwa na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) yasiyolowekwa yanachuna. Tumbaku iachwe kabisa, maana hubana mishipa ya vidole na kulegeza valvu kwa mkupuo mmoja.

Dawa nyingine nazo zinaumiza. Diklofenaki na jamii yake huchoma utando. Vidonge vya doksisaiklini na vya madini ya chuma hukwama na kutoboa kidonda palepale. Vimezwe na glasi nzima ya maji, mtu ameketi, na asilale kwa nusu saa. Nifedipini, ambayo ndiyo dawa ya kawaida ya Raynaud, hulegeza valvu. Haimaanishi iachwe. Inamaanisha ukiianza uulize koo baada ya wiki mbili, na omeprazoli iwepo.

Tumboni na kwenye utumbo

Tumbo linalochelewa kumwaga humfanya mtu ashibe kwa vijiko vitano, avimbiwe, na atapike chakula cha asubuhi jioni. Milo mitano au sita midogo ni bora kuliko mitatu. Mafuta huchelewesha zaidi, kwa hiyo chakula kilichokaangwa kwa mawese kikae pembeni. Kijiko kimoja cha mawese ndani ya uji au mchuzi mwepesi huvumilika na huongeza nguvu kwa mtu anayekonda. Metoklopramidi miligramu 10 nusu saa kabla ya kula husaidia, kwa muda mfupi tu. Wasichana hasa wanaweza kupindwa shingo na macho kugeuka juu. Ikitokea iachwe mara moja na waende hospitali. Domperidoni haina sana shida hiyo, lakini huvuruga mapigo ya moyo ikichanganywa na erithromaisini au flukonazoli.

Upungufu wa damu unaorudi baada ya vidonge vya chuma unataka maelezo. Skleroderma hutanua mishipa ya utando karibu na mlango wa kutokea tumboni, ikapangika mistari myekundu kama ya tikiti maji lililokatwa, nayo huvuja polepole. Choo huwa cheusi, au hakibadiliki kabisa na hemoglobini inashuka tu. Hutibiwa kwa kuchoma mishipa hiyo kupitia endoskopi. Kwa mtu wa mwambao wa Tanganyika ukumbuke pia kichocho cha tumbo, ambacho humtapisha mtu damu kwa njia tofauti kabisa, ya ini na bandama. Ndiyo maana endoskopi haiwezi kubadilishwa na kubahatisha.

Utumbo mwembamba usiposukuma, bakteria wa utumbo mpana hupanda na kuota humo. Wanakula kabla ya mgonjwa kula. Tumbo linajaa gesi, choo kinakuwa laini na chenye mafuta, uzito unashuka. Vitamini B12 hushuka pia, kwa sababu bakteria wanaitumia. Hapa vyakula vinavyosifiwa vinageuka mzigo: asali, ambayo Tabora humpa kila mgonjwa, ina sukari ya matunda inayochacha haraka, sawa na maharage na maziwa mabichi. Asinyimwe moja kwa moja. Apunguze kwa wiki mbili aone.

Kipimo cha pumzi cha kuwatambua bakteria hao kipo vitabuni. Kwetu matibabu ndiyo kipimo. Lakini kwanza pima choo kutafuta giadia na minyoo, pima virusi vya Ukimwi, na hakikisha hakuna kifua kikuu, kwa sababu siprofloksasini hukificha kwa muda na kuchelewesha jibu. Kisha antibayotiki moja kwa siku 7 hadi 10: metronidazoli miligramu 400 mara tatu kwa siku, au siprofloksasini 500 mara mbili. Tumbo likitulia na kurudia ndani ya wiki chache, hubadilishwa dawa kwa zamu kila mwezi badala ya kung'ang'ania moja. Uzito upimwe kila mwezi kwenye mizani ileile. Mama wa kilo 60 akifika 54 ndani ya miezi mitatu hadi sita amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, na hapo lishe ni dharura kama dawa.

Kuna usiku ambao utumbo unasimama kabisa. Tumbo limejaa ngoma, anatapika, hapati choo wala hewa, na eksirei inaonyesha utumbo uliotanuka wenye maji na hewa. Kila daktari wa upasuaji aliyefundishwa vizuri ataona utumbo ulioziba. Skleroderma huleta picha hiyohiyo bila kizuizi chochote, na kupasua huacha makovu yanayofanya mara ijayo kuwa mbaya zaidi. Huweza hata kuweka mapovu ya hewa kwenye ukuta wa utumbo, nyingine ikatokea nje, bila tundu. Kama tumbo ni laini, halina maumivu makali ya kugusa, na homa hakuna, anza kwa kutompa chochote mdomoni, mpira wa puani, maji ya mshipa, na kurekebisha potasiamu na magneziamu. Haiosini ya kutuliza tumbo na dawa za maumivu za jamii ya afyuni ziachwe, zinauzima utumbo zaidi. Siti-skani ifanyike ili kizuizi cha kweli kisipitwe. Mgonjwa mwenyewe abandike kwenye jalada la daftari lake karatasi yenye mstari mmoja: nina skleroderma, utumbo wangu unaweza kusimama bila kuziba. Zamu ya usiku haimjui.

Utumbo mpana huleta choo kigumu. Ushauri wa "kula pumba na mboga nyingi" humfaa mtu mwenye utumbo unaosukuma. Hapa mzigo mkavu unakaa na kuganda. Dawa za kulainisha choo kama makrogoli, au sena kwa kipimo kidogo, ni salama zaidi. Laktulosi huongeza gesi.

Na kuna swali ambalo halijibiwi lisipoulizwa, wala haliulizwi mbele ya mume, mama mkwe au watoto: choo huwa kinakutoka bila kujua? Msuli wa ndani unaofunga njia ya haja kubwa ni msuli laini, nao hunyauka kama umio. Wanawake wengi hudhani ni kovu la uzazi, nao hujifungia nyumbani, huacha kwenda msikitini au kanisani, hukataa safari ya basi. Muulize mkiwa wawili, kwa maneno ya kawaida. Kwanza tibu bakteria wa utumbo mwembamba, kwa sababu choo laini ndicho kinachoponyoka. Mfundishe kukaza misuli ya chini sekunde 5 hadi 10, mara 10, mara tatu kwa siku. Huimarisha msuli wa nje, ambao bado mzima. Ngozi ioshwe kwa maji, ikaushwe kwa kugusa bila kusugua, ipakwe krimu ya zinki. Loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, miligramu 2 kabla ya kutoka nyumbani humrudishia mtu soko na ibada, ilimradi siku hiyo tumbo halijajaa wala hajafunga choo. Likiwa limejaa asiimeze.